Wamenichagua Katibu wa Kumkabili Mwenye Nyumba, na Mwenye Nyumba ni Mimi

Kwako Shangazi,

Wengi wanaokuandikia wametendewa mabaya, lakini mimi shida yangu ni kutendewa mema mpaka nashindwa kumtazama machoni aliyenitendea, kwa hiyo naomba unisikilize hata kama barua hii ni ndefu, maana mume wangu amechoka kunisikiliza na mchungaji wetu sijathubutu kumwambia.

Mimi naitwa Nyasuguta, ni Mkisii, na pamoja na mume wangu Nyangau tuna duka la mbegu na dawa za mifugo hapa Kehancha, tumeishi na Wakuria miaka mingi, wametupokea vizuri, biashara imekubali, na mwaka jana tukakubaliana kwamba kabla binti yetu Valentine hajaingia chuo tununue ploti ya vyumba vya kupangisha mahali ambapo mji unakua, ili uzeeni tusiwe bado tunabeba magunia ya mbolea. Valentine anasoma bweni kule Asumbi, na kila nikitoka kumwona nilikuwa napitia Homa Bay mjini kununua samaki, nikaona vile majengo yanaota na vile watu wanaulizana nyumba, basi tukasema ni Homa Bay, mji ambao Shangazi hatukuwa na ndugu wala rafiki ndani yake.

Dalali mmoja anayeitwa Austine akatutumia video ya ploti upande wa chini wa mji, vyumba vimepangwa mistari miwili vikitazamana, rangi inang'aa, geti jipya, na Nyangau akataka tulipe arabuni siku hiyo hiyo kwa sababu Austine alisema kuna daktari wa Nairobi anaing'ang'ania. Nikamwambia Nyangau sisi hata ng'ombe hatununui kwa simu. Nikaenda, Austine akanipokea, akanitembeza mchana jua likiwaka, akaninunulia samaki, na kila mtu tuliyekutana naye alikuwa ni mtu wake na alisema mazuri tu, nikarudi Kehancha nimeshiba lakini sijui chochote zaidi ya kile nilichokiona kwenye video.

Safari ya pili nilienda bila kumwambia. Nikaingia getini kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mwanamke amebeba sare za shule mkononi, fundi wa cherehani, ametoka kumpelekea mteja wake. Nikamwuliza kama kuna chumba. Akaniangalia viatu kwanza, halafu uso.

“Wewe ni nyar Kisii,” akasema, yaani binti wa Kisii, ndivyo Wajaluo wanavyotuita. “Nani amekuonyesha hapa?”

“Nimejileta tu.”

“Basi Mungu anakupenda. Kuja uone kitu.”

Akanishika mkono mpaka ukutani. “Angalia hii rangi. Huku chini ni mpya, huku juu ni ya zamani. Sasa nani anapaka ukuta nusu? Maji ilifika hapa.” Akaniwekea kiganja kiunoni. “Mimi nilikuwa naishi ile chumba ya mwisho. Vitambaa vya wateja viliharibika vyote, nikashonea watu bure mpaka nikamaliza. Usihamie hapa, nyaminwa.” Nyaminwa ni dada yetu, Shangazi, na hapo alikuwa hajanijua hata jina.

Anaitwa Rispa, kwao ni Rangwe. Siku hiyo hiyo alinipandisha mpaka mtaa wa juu anakokaa yeye, kwenye ploti ya mzee Omanga, akaniambia kuna chumba kimebaki wazi karibu na chake, na mimi, badala ya kusema ukweli kwamba sitafuti chumba kimoja bali natafuta ploti nzima, nikakichukua. Nilimwambia nina biashara, nitakuwa nakuja na kwenda. Huo ulikuwa ukweli, lakini ulikuwa ukweli mdogo.

Shangazi, yule mama alinifundisha mji ule kama mtu anayemfundisha mdogo wake. Aliniambia nisiulize mtaa kwa wenye maduka, kwa sababu hao wanataka wateja, niulize waliohama, na akanipeleka kwa mama mmoja aliyehama akanieleza kwa nini alihama. Alinifundisha niwaulize watu wa boda boda mtaa gani wanakataa kuingia giza likishaingia, nao wakacheka wakanitajia. Alinionyesha ploti nzuri yenye vyumba vitupu mwaka mzima, nikauliza kwa nini, akaniambia nije Jumapili nisikie baa iliyo nyuma yake, nikaja, na kweli hata sauti yangu mwenyewe sikuisikia. Siku za Sabato nilisali na kanisa la huko, na akina mama wa kanisa nao wakaniongezea yale ambayo Rispa, kwa kuwa ni Mkatoliki, hakuyajua.

Masika yalipoanza alinipigia simu nikiwa dukani Kehancha. “Nyar Kisii, panda gari leo, uje uone ile nyumba ulikuwa unataka.” Nikaenda. Watu wa mtaa wa chini walikuwa wamepandisha magodoro juu ya meza, mama mmoja anachota maji chumbani kwa sufuria na kuyamwaga mlangoni, nayo yanarudi. Rispa hakusema “nilikuambia.” Alivua viatu akaingia kumsaidia yule mama kubeba kabati, na mimi nikavua vyangu nikamfuata. Nilipomtumia Nyangau picha akaandika, “Bwana asifiwe.” Tulikuwa tumebakisha kidogo tuzamishe jasho letu lote pale, Shangazi, na aliyetuokoa alidhani anaokoa mpangaji mwenzake.

Sasa sikiliza lililofuata. Mzee Omanga amechoka na mji, anataka kurudi kwao akafuge, na Rispa ndiye aliyenipa habari hizo, akiwa na wasiwasi, kwamba mzee anauza. Nilikuwa nimeishi pale, najua maji yanatoka siku gani, najua wapangaji ni watu gani, najua kwamba hakuna anayehama isipokuwa amehamishwa kazi. Nikaenda kwa mzee, tukachukua wakili, tukapekua ofisi ya ardhi, tukakuta kila kitu kiko sawa, tukanunua. Mzee alicheka akasema hajawahi kuona mpangaji wa namna hiyo, nikamwomba asiseme ni nani mpaka niseme mwenyewe, akakubali. Wapangaji wakaambiwa tu kwamba ploti ina mwenyewe mpya na kodi italipwa kwa ajenti.

Na mimi sikusema. Kila nikienda nasema leo, nikifika Rispa ameshapika, ananiambia keti ule kwanza, na nikila chakula chake maneno yanakwama.

Wiki mbili zilizopita aliita wapangaji wote pale nje. Wana hofu, Shangazi. Wamesikia mwenyewe mpya atabomoa ajenge ghorofa, wengine wamesikia atakataza biashara vyumbani, na Rispa anashonea chumbani, cherehani mbili, hiyo ndiyo inasomesha wanawe. Alisimama akasema, “Mimi nimehamishwa na maji, nimehamishwa na mwenye nyumba aliyetaka kumweka shemeji yake, safari hii nikihamishwa narudi Rangwe kwa mama. Tuchague kamati, tuongee na huyu mtu mapema.” Wakamchagua yeye mwenyekiti. Halafu akanigeukia mimi. “Katibu awe huyu nyar Kisii. Anajua Kiswahili ya kuongea na wakubwa.” Watu wakapiga makofi.

Nikakubali. Shangazi, nilikubali! Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mwenye nyumba ameitwa kwa mkutano, na mimi ndiye nimepangiwa kumsomea madai.

Nyangau anasema ninyamaze. Anasema mwenye nyumba akijulikana sura, kila mtu humletea shida zake, na kwamba si vibaya kuwa na sikio ndani ya ploti, ajenti aende mkutanoni akasikilize, nasi tuendelee na duka letu. Si mtu mbaya, ana hesabu zake. Lakini mimi nimefikiria jambo lingine, nimsamehe Rispa kodi maisha yake yote bila kumwambia sababu, niseme tu ajenti amekosea, ili shukrani yangu ifike bila aibu. Je, hilo linafaa? Na kama halifai, nimwambieje? Naogopa kumpoteza. Nimeishi Kehancha miaka mingi sina rafiki kama huyu.

Jina langu ukipenda litoe gazetini, huko wananijua kama Mama Valentine au nyar Kisii, lakini jina la mtaa tafadhali lifiche.

Nyasuguta, Kehancha

SHANGAZI ANAJIBU

Nyasuguta, nimeisoma barua yako nikicheka, halafu nikafika mahali pa chakula nikaacha kucheka.

Nianze na yaliyo mema, kwa sababu unayo mengi. Wewe na Nyangau mmefanya kile ambacho watu wanaoniandikia wakilia hawakufanya. Ulikataa kununua kwa video, ukarudi bila dalali, ukauona mtaa wakati wa jua na wakati wa mvua, ukasali nao na ukalala kwao. Kila mtu mwenye akiba yake na anayeutazama mji asiokaa aikate barua hii aiweke. Na kuchukua chumba ili ujue mahali si kosa. Mnunuzi ana haki ya kutazama.

Kosa lako lilianza siku mlipotia sahihi kwa wakili. Kuanzia siku hiyo hukuwa tena mtu anayetafuta, ulikuwa mtu anayejua, na ukamwacha rafiki yako akose raha kwa ajili ya jambo ambalo ungeweza kulimaliza kwa sentensi moja. Anawaza kurudi Rangwe na cherehani zake, na wewe umeketi mezani kwake unakula huku jibu unalo mdomoni! Hapo umekosea, dada yangu, na sitakupaka mafuta.

Hiyo ya kumsamehe kodi kwa siri, iache kabisa. Wapangaji watajua, siri ya kodi haikai ploti moja wiki mbili. Watasema Rispa amewauza. Utakuwa umemlipa mtu aliyekupenda kwa kumfanya achukiwe na majirani wake, tena bila yeye kujua kwa nini. Na shukrani ambayo mtu hajui ni ya nini si shukrani, ni wewe unajituliza.

Nyangau mwambie hivi kutoka kwangu: mwenye nyumba anayeweka sikio ndani ya ploti husikia kila kitu isipokuwa yale anayohitaji kuambiwa. Bomba likipasuka nani atamwambia mtu asiyemjua? Halafu siku watakapogundua, na watagundua, atawapoteza wapangaji wale wale waliomfanya anunue.

Sasa fanya hivi. Nenda kabla ya mkutano, usingoje siku yenyewe, maana ukimfichulia mbele ya watu umemwaibisha. Nenda peke yako. Usibebe sukari, usibebe leso, mikono mitupu. Usikubali kukaa kula kwanza, sema ukiwa bado umesimama: “Rispa, aliyenunua ni mimi na mume wangu, na tulinunua kwa sababu ya yale uliyonionyesha.” Halafu nyamaza. Akikasirika, akasirike. Akikufukuza, toka. Usijitetee hata kidogo, na usilie mpaka ufike nje, kwa sababu ukilia atalazimika kukubembeleza, na siku hiyo si zamu yake.

Ukatibu uache siku hiyo hiyo. Jumapili hudhuria wewe mwenyewe, usimtume ajenti, na uende na maneno yaliyoandikwa na wakili: kwamba hakuna atakayehamishwa, na kwamba wenye kazi zao ndani kama ya kushona wataendelea. Wape wote sawa. Hiyo ndiyo zawadi ya Rispa, kwamba yeye na jirani zake walale bila hofu. Hiyo ataipokea bila kuinamisha kichwa.

Kama atabaki rafiki yako, hilo lake. Lakini mtu anayevua viatu kumsaidia jirani kubeba kabati, mimi ningemkabidhi ukweli bila hofu.

Shangazi

BARUA YA PILI KUTOKA KWA NYASUGUTA

Shangazi, asante. Naandika haraka, duka limejaa watu wa mbegu, lakini ulistahili kujua mwisho.

Nilienda Ijumaa asubuhi. Rispa alikuwa anakata kitambaa sakafuni, akasema keti, nikasema hapana, nikayatoa yote, hata ya Austine na samaki wake, nikiwa nimesimama mlangoni vile ulivyosema. Mkasi ukasimama. Aliniangalia mpaka nikatamani anitukane.

“Kwa hivyo mimi nilikuwa dalali,” akasema polepole. “Dalali mzima. Na sikununuliwa hata samaki.”

Sikujua kama nicheke.

“Nilikuambia mambo ya mzee kuuza nikiwa nimejawa na wasiwasi, na wewe ulikuwa unapiga hesabu?”

“Nilikuwa napiga hesabu,” nikasema. “Na nilikuwa nakupenda pia. Vyote viwili.”

“Toka, nyar Kisii. Nina sare za watu.”

Nikatoka. Nilifika barabarani ndipo nikalia. Sabato nilisali bila kusikia mahubiri.

Jumapili nilifika mkutanoni na barua ya wakili, wapangaji wameketi nje kwenye viti na ndoo, hakuna anayejua. Rispa akasimama kama mwenyekiti, akavuta leso yake vizuri, akasema, “Kwanza, katibu wetu amejiuzulu. Amepata kazi ingine. Sasa ndiye mwenye nyumba.”

Mzee mmoja akauliza, “Huyu Mama Valentine?” halafu kelele ikaanza, mmoja anasema nimewapeleleza, mwingine anacheka kwa nguvu. Rispa akawaacha wapige kelele mpaka wakachoka. Kisha akayachukua madai, yale ambayo tuliyaandika pamoja, akanisomea moja baada ya lingine. Mlango wa bafu. Tangi. Taa ya nje. Kila nikitaka kusema hili litangoja, ananiuliza mbele ya watu, “Si ni wewe ulisema hii haiwezi kungoja?” Na kweli ni mimi niliyesema. Nikayakubali yote, Shangazi, ningekataaje? Mwisho nikawasomea barua ya wakili, na nilipofika pale pa biashara vyumbani, Rispa aligeuza uso akatazama ukuta, na alibaki kuutazama mpaka nikamaliza. Watu walipiga makofi. Yeye hakupiga.

Nilichukua begi langu nikaanza kuteremka kwenda kupanda gari. Nikasikia nyayo nyuma yangu, begi likachukuliwa mkononi. Alikuwa Rispa, akatangulia nalo. Tulipokaribia barabara kuu nikasimama nikamwambia, “Rispa, asante. Kwa ile siku ya ukuta, kwa ile siku ya mvua, kwa kila kitu. Tungepoteza kila kitu.”

“Sasa nimesikia,” akasema. “Zile asante zingine zote ulikuwa unanipa, nilidhani ni za ugali.”

Ndipo akacheka, Shangazi, na mimi nikacheka nikilia, watu wa boda boda wanatutazama. Bado ana uchungu kidogo, naujua, unatoka polepole. Lakini kabla sijapanda gari aliniuliza kama kweli Nyangau hajawahi kukanyaga pale, nikakiri kwamba hajawahi, yeye aliona picha zangu tu.

“Amenunua bila kuona?” Akashika kiuno. “Mlete. Mwambie asile kwa hoteli, na avae viatu vya kutembea. Nitamzungusha huu mtaa wote mimi mwenyewe, mpaka ajue ni nini amenunua.”

Tunaenda wiki ijayo. Nyangau ameanza kuuliza Wajaluo huwapokea wageni vipi, na avae shati gani.

Nyasuguta